Mapango haya yalipimwa zamani. Ramani ziko wapi?

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wanaowatembeza wageni katika mapango ya Vilima vya Chyulu, na nimefurahi kwamba jambo hili limepewa ukurasa mzima. Lakini mwandishi wenu amesema mapango hayo yamegunduliwa hivi majuzi. Naomba nafasi nimkosoe, wala si kwa ubaya. Hangeweza kujua. Waliojua hawakumwambia mtu.

Pango kubwa kuliko yote huko, Leviathan, lilichunguzwa na kupimwa tangu miaka ya 1970. Waliolipima ni Kikundi cha Uchunguzi wa Mapango cha Afrika Mashariki, CEGEA kwa kifupi cha Kiingereza, watu wa kujitolea waliokuwa na makao yao Nairobi. Njia zake zinazidi kilomita 11, zote chini ya ardhi, na kuna wakati lilihesabiwa kuwa pango refu kuliko yote ya lava yaliyojulikana duniani, hadi wenzetu wa Hawaii walipolipima Kazumura wakapita kilomita 60. Suswa nayo, mlima wa volkano ulioko Bonde la Ufa, ambayo siku hizi inatangazwa Nairobi kana kwamba imefunuliwa jana, mapango yake yalianza kuchorwa ramani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1998 Jim Simons wa CEGEA alichapisha muhtasari wa mapango ya volkano ya Afrika Mashariki katika jarida la kimataifa la wataalamu wa mapango. Kwa hiyo hakuna kilichogunduliwa majuzi. Tumesahau tu, na huko kusahau kuna historia yake.

Mimi nilikuwa mpima ardhi hadi nilipostaafu. Nilizaliwa upande wa Kibwezi, na mapango niliyajua kama kila mtoto wa huko alivyoyajua: mahali pa kutafuta mbuzi aliyepotea, mahali pa nyuki, mahali ambapo nyanya alitukataza kukaribia. Wazee wa Nairobi walipokuja na Land Rover zao, sisi vijana wa kijijini tuliwabebea kamba na majerikeni ya maji. Baadaye, nilipokwisha kusomea upimaji, wakanikabidhi dira.

Niieleze kazi hiyo kidogo, maana naona vijana wanadhani kupima pango ni kutembea na simu mkononi. Mmoja hutangulia na taa hadi pale njia inapopinda, akaiweka juu ya jiwe. Wa pili aliyebaki nyuma huilenga taa ile kwa dira, akasoma nyuzi, akasoma na mwinamo, kisha wakavuta tepu kati yao. Wa tatu huandika, na huandika kwa penseli, kwa sababu wino hauvumilii jasho na unyevu. Kwenye ukurasa wa pili wa daftari huchora ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, kimo cha dari, na kila jiwe kubwa lililoanguka. Halafu wote wanasogea, wanaanza upya. Tena lava ina chuma ndani yake, na chuma huvuta sindano ya dira. Ndiyo maana aliye mbele naye lazima apime akitazama nyuma. Namba mbili zikikataana, mnahamisha taa na kurudia. Siku nzima inaweza kuisha mmepata mita mia chache tu. Sasa chukua hizo kilomita 11 ufanye hesabu mwenyewe. Na hakuna aliyelipwa. Walikuwa walimu, madaktari, makarani, na bwana mmoja fundi wa taipureta, waliotumia likizo zao kutambaa kwa magoti kwenye vumbi la mavi ya popo. Vumbi hilo lenyewe si la mchezo. Kuna ukungu unaoota ndani yake, na ukiuvuta kwa wingi unakwenda kukaa mapafuni.

Watu huniuliza, ya nini yote hayo? Jibu langu siku zote ni maji. Chyulu haina mto hata mmoja juu yake. Mvua ikinyesha pale, mawe yanaimeza papo hapo, na maji hayo husafiri chini kwa chini hadi kuibukia kwenye chemchemi, ile kubwa ikiwa Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, pale wageni wanapowapiga picha viboko. Kutoka Mzima kuna bomba linaloshuka hadi Mombasa. Pango la lava hutokea hivi: lava inatiririka kutoka mlimani, uso wake unapoa na kuwa mgumu, huku ndani ikiendelea kutiririka mpaka inakwisha na kuacha njia tupu yenye dari. Chyulu ni vilima vichanga. Moto wake wa mwisho uliwaka katikati ya karne ya 19, na ukipita kwenye lava iliyoganda iitwayo Shetani utaona bado ni nyeusi na kali, inakata kiatu. Ardhi ya namna hiyo imejaa nyufa na matundu. Anayejua matundu yaliko anajua pia pa kutochimba choo, pa kutomwaga dawa ya kuoshea ng'ombe, pa kutotupa taka za soko. Asiyejua anachimba tu, na walio mbali huko chini wanakunywa.

Enzi hizo neno Afrika Mashariki halikuwa pambo kwenye barua. Mtu aliweza kupima Chyulu mwezi huu na mwezi ujao akaenda Tanga kwenye mapango ya chokaa ya Amboni, au akapanda Elgon. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983. Siasa zile ziliandikwa sana. Jinsi zilivyovivunja vyama vidogo vya watu wenye shauku moja, hakuna aliyejali kuandika. Amboni ikawa ng'ambo kwetu. Nilipofika huko baada ya miaka mingi, mwongoza wageni alinisimulia kwa uhakika wote kwamba njia za pango zinatokea Mombasa, na kuna mbwa aliyeingia pale akaja kuonekana upande wa Kilimanjaro. Timu ya Wajerumani na Waturuki waliopima mwaka 1994 walikuta hata lile refu zaidi halifikishi kilomita moja. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akaniambia mzee, wewe huyajui mapango, na ziara ikaendelea. Sikumlaumu, kwa kuwa kisa chake kinauza tikiti kuliko tepu yangu.

Sasa nije kwa chama chetu. Jina lake nitaliacha, kwa sababu wengi wa waliokuwemo wangali hai na tunakutana sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, sisi tuliokuwa wabebaji na wapimaji tuliunda chama cha ukanda wetu, kutoka Kibwezi kuelekea upande wa Kajiado. Tulikuwa na katiba ya kurasa mbili, mhuri, na mweka hazina tuliyemwamini kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Tulikutana kwenye hoteli moja karibu na steji, chai na mandazi vikilipwa kwa mchango. Wanachama walikuwa walimu wa shule za msingi, askari wa wanyamapori wakiwa mapumzikoni, mafundi wawili watatu, na warina asali.

Hawa warina asali niwaseme kwa sauti, kwa maana hakuna kitabu kinachowataja. Ukambani mtu wa mizinga huifuata nyuki hadi inakonywea na inakolala, na nyuki wa Chyulu hupenda midomo ya mapango. Pale dari ya pango ilipoporomoka hubaki shimo, ndani yake mikuyu inaota, kuna ubaridi na unyevu. Kwa mbali huoni chochote, ni nyasi tu na mawe. Mrina asali hupajua kwa mlio. Sehemu kubwa ya mapango tuliyoyaingiza kwenye daftari zetu miaka ile, sisi wenye dira hatukuyapata. Tulionyeshwa.

Ile ilikuwa miaka ya neema. Walikuja wanafunzi wa vyuo, wakaja wataalamu wa popo. Baadaye akaja mfadhili. Tukapewa fulana na kofia ngumu, tukapewa na posho ya kikao, na ghafla kila kikao kikawa na watu wa kusimama. Mfadhili alipomaliza mradi wake, viti vikatosha tena. Hilo halinisumbui sana, vyama vingi vimepita njia hiyo. Hofu nayo ilitupunguza. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, na mwaka 1987 mvulana wa Kidenmark, walikufa kwa ugonjwa wa Marburg, na wote wawili walikuwa wamezuru pango la Kitum kule Elgon. Habari zile zilipoenea sana, wazazi wakakataa watoto wa shule waje kwetu, ingawa Kitum ni pango la namna nyingine kabisa, ambalo tembo wamelipanua kwa pembe zao wakitafuta chumvi, na popo wanaoshukiwa ni wale walao matunda, si wadogo walao wadudu. Ukweli ni kwamba hofu ile haikuwa upuuzi. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alikufa kwa ugonjwa huo huo baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Ninachosema ni kwamba hatukuwa na la kuwajibu wazazi, kwa sababu tulikuwa tumezoea kutosema chochote.

Na hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Kilichokimaliza chama chetu ni siri.

Tulirithi sheria kutoka kwa wazee wa kazi hii, na wapimaji wa mapango dunia nzima wanayo: usitaje mlango wa pango kwa mtu wa nje. Sheria yenyewe ina sababu. Kuna pango ambalo dari yake ilikuwa imening'iniza matone ya lava yaliyoganda yakiwa yanadondoka, membamba, meusi, yanameta ukiyamulika. Habari zake zilienea, na mvua za msimu ule hazijaisha matone yote yaliyofikiwa na mkono yalikuwa yamevunjwa yakawa mapambo ya mezani. Kuna jingine watu waliingia na mienge ya nyasi mchana. Popo wakatoka kwa maelfu juani, mwewe wakala walivyotaka, na vichanga waliodondoka sakafuni walikuwa bado uchi, hawana manyoya. Mtu aliyeyaona hayo haambiwi mara mbili kufunga mdomo.

Lakini sasa sikiliza tulivyoitumia. Mzee mmoja wa mizinga ndiye aliyetupeleka kwenye mlango wa pango ambalo tulikuja kulipima kwa misimu kadhaa. Ramani ilipokamilika, ikachorwa kwa wino kwenye karatasi kubwa, alikuja kikaoni akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Akaomba kuiona. Katibu akamjibu kwamba ramani ni za wanachama waliolipa ada ya mwaka. Ada ile ilikuwa pesa ya kilo mbili za sukari. Mzee hakubishana. Alikunywa chai yake akaimaliza, akashukuru, akaondoka, na hakuonekana tena kikaoni. Mwaka uliofuata hakuna mrina asali hata mmoja aliyekuja. Kwa hiyo hakuna mlango mpya ulioonyeshwa, na chama cha kutafuta mapango kisichopata mapango kikabaki kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Tukazeeka pamoja nazo.

Wala usidhani popo walinufaika. Kijijini hakuna aliyekuwa na sababu ya kulinda kitu ambacho hakuruhusiwa kukijua. Wachoma makaa walipofika karibu na ile midomo ya mapango, hakuna aliyepiga ripoti kwa chifu wala kwa KWS, shirika la wanyamapori, maana kwa wanakijiji pale palikuwa mahali pa watu wa chama.

Tazama walikofanya vingine. Suswa ni hifadhi ya Wamaasai wenyewe. Ndio wanaolipisha kiingilio na ndio wanaoongoza, kuanzia kwenye matundu yao ya mvuke, ambako huupoza mvuke wa ardhini kwa mabomba wakapata maji ya kunywa, hadi kwenye lile pango wanamolala nyani linaloitwa Bunge la Nyani, jina ambalo sitalitolea maoni. Ukiingia bila kiongozi wa pale utajua hujui. Kule Rwanda mapango ya lava ya Musanze yamewekewa ngazi na njia, na huingii bila kofia ngumu na mwenyeji wa kukutangulia. Na Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na wenzao wa nje walichimba kwa miaka mingi mahali ambapo wenyeji wamekuwa wakifanyia ibada zao. Mwaka 2021 dunia ikasoma habari za kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa pale miaka 78,000 iliyopita. Mahali kote huko mwenyeji yumo ndani ya kazi.

Hao vijana mliowaandika nimekutana na baadhi yao. Wana vitu tulivyoviota: kipima umbali cha leza kisichozidi kiberiti, taa ya kichwani inayochajiwa, simu inayochora njia papo hapo. Ni wachangamfu na wana heshima. Lakini mmoja alinionyesha video aliyoirekodi, wako wanne, wamevaa ndala, wamekaa wanakula mkate na soda chini ya dari ninayoijua. Kwenye ramani yetu ya pango lile, sehemu hiyo imezungushiwa kalamu nyekundu na kuandikwa: dari bovu, pita, usikae. Nikamuuliza kama waliona mawe yaliyokuwa sakafuni. Akasema ndiyo babu, ndiyo tuliyokalia.

Ramani ile iko wapi leo? Sijui iliko. Mara ya mwisho ilikuwa kwa mwanachama mmoja ambaye alihamia kwa watoto wake mjini, na sasa ni marehemu. Nyingine zilikwenda na waliohama nchi. Daftari za mwanzo kabisa ziliwahi kutumika kwenye choo cha shambani kwa mtu nisiyetaka kumtaja.

Ninayoyaomba si makubwa. Kwanza, chama kipya kikiandikishwa, na nasikia vijana wanajadiliana hilo, warina asali na wachungaji wawe wanachama kamili, wasidaiwe ada. Wao wamekwisha lipa. Pili, ramani zote zitakazopatikana zipigwe picha, nakala moja iwekwe Makumbusho ya Taifa, moja ofisi za kaunti, moja kwa askari wa wanyamapori, na moja mikononi mwa waongozaji wa kijiji chenye pango. Na mahali milango ilipo kuandikwe kwenye orodha ya pembeni, ikae kwa askari na kwa waongozaji hao tu. Njia za ndani hazina haja ya kufichwa; ukiwa na ramani ya ndani bila kujua mlango, huna unachoweza kuharibu. Sheria ya zamani inabaki na maana yake, ila ufunguo unahamia kwa mwenye nyumba. Mimi mwenyewe kuna pango ambalo sitalitaja katika barua hii, nawe Mhariri usiniulize kwa simu. Nimeshawaonyesha wanaokaa karibu nalo.

La tatu ni kwa wasomaji wako, hasa wale ambao wazazi wao walifanya kazi Nairobi, Machakos, Kibwezi au Voi miaka ya 1960 hadi 1990. Mkiwa mnasafisha nyumba ya marehemu mkakuta sanduku la bati lenye daftari ndogo za jalada gumu, ndani zimeandikwa kwa penseli, ukurasa mmoja una safu tatu za namba na mwingine una mchoro wa kitu kama utumbo, msizichome. Safu ya kwanza ni mita, ya pili ni nyuzi za dira, ya tatu ni mwinamo. Huenda zina madoa ya nta na harufu isiyopendeza. Zipelekeni Makumbusho, au kwa mwalimu mkuu yeyote wa shule iliyo karibu na vilima, mwambieni azifungie kabatini, kisha mumwandikie Mhariri. Yeye anayo anwani yangu, na bado naweza kuusoma mwandiko wa karibu kila mtu aliyewahi kushika penseli kule chini.

Mpima ardhi mstaafu,
Kibwezi, Makueni